Darasa la milioni 20 na mkia wake

Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilifanya jambo ambalo mchambuzi wa bajeti hulipata kwa nadra: ilitoa fedha nyingi, kwa kazi moja, kwa bei moja na kwa tarehe moja, nchi nzima. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, lilikuwa limeidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25 mwezi mmoja kabla, yaani takribani Sh trilioni 1.3. Humo zikatengwa Sh bilioni 300 za madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani vituo vidogo vya watoto wa madarasa ya chini walio mbali na shule mama. Kila darasa Sh milioni 20, liwe Kibaha, liwe Ukerewe, na liwe tayari kidato cha kwanza kinapofungua Januari 2022.

Ukitaka kujua matumizi ya serikali ni nini hasa, anza na darasa hili kabla ya vitabu vya uchumi. Humo ndani yamo karibu yote.

Fedha zilishuka hadi shuleni na kazi ikafanywa kwa utaratibu uliozoeleka kwa jina la force account: hakuna mkandarasi mkubwa, shule inaunda kamati zake za ujenzi, ununuzi na mapokezi, inanunua vifaa na kulipa fundi. Fuatilia shilingi sasa. Saruji, nondo, bati na rangi vinatoka kwa muuzaji aliyesajiliwa VAT, na bei yake imebeba asilimia 18 juu. Vifaa hivyo vikigharimu Sh milioni 10, karibu milioni 1.5 inarudi Hazina kupitia TRA kabla darasa halijaezekwa. Mchanga, kokoto na tofali vinatoka kwa watu wa hapo hapo wasio na mashine ya risiti wala namba ya VAT. Huko Serikali hairudishiwi kitu moja kwa moja, ila fedha inabaki kwenye kata: mwenye lori, fundi, saidia fundi, mama lishe aliyewapikia, duka lililowakopesha vocha. Mapato ya mmoja yanakuwa matumizi ya mwingine, na kila mzunguko unamega kidogo. Hiyo ndiyo nguvu wachumi wanayoiita kizidishi.

Linganisha na Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, mradi wa Sh trilioni 6.55 wenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Malipo ya mtambo yanaondoka nchini, mtambo unaingia. Mzunguko wake mtaani ni mdogo, faida yake inakuja baadaye, kupitia umeme. Bwawa na darasa vyote vimeandikwa safu ya maendeleo, na kwenye hotuba vinatajwa kwa pumzi moja, lakini kimoja kinachangamsha soko la kata mwezi huu na kingine kinabadili gharama za uzalishaji kwa miongo. Anayesema “Serikali imemwaga fedha, mbona mtaani hakuna hela” mara nyingi anachanganya hivi viwili, na wa kulaumiwa si yeye peke yake.

Bei moja kwa nchi nzima ilikuwa na uzuri wake: ni rahisi kuikagua, na mtu yeyote kijijini anaweza kuuliza milioni 20 ziko wapi. Ubaya wake nao uko wazi. Mfuko wa saruji unaovuka ziwa kwa boti hauwezi kuwa na bei ya mfuko ulioshushwa kilomita chache kutoka kiwandani, kwa hiyo visiwani tofauti hiyo inatafutwa kwenye kitu kingine: bati la geji 30 mahali pa geji 28, nondo nyembamba kwenye lenta, sakafu yenye mchanga mwingi kuliko saruji. Halafu halmashauri zote zinaingia sokoni wiki zile zile kutafuta nondo zile zile na mafundi wale wale. Bei inapopanda kwa sababu ya mnunuzi huyo mmoja mkubwa, anayeumia zaidi ni mwananchi anayemalizia chumba chake cha kupanga. Na zege lina ratiba yake. Linahitaji siku 28 kufikia nguvu lililopangiwa, likimwagiliwa maji wiki za mwanzo. Ukiwa na wiki kumi na moja kutoka msingi hadi rangi, kinachokatwa ni umwagiliaji. Nyufa za sakafu zinaonekana mwaka wa pili, wakati picha za makabidhiano zimeshasahaulika.

Hata hivyo, kwa mizani ya ujenzi peke yake, kazi ilifanyika. Tatizo ninalotaka kulishughulikia liko baada ya makabidhiano.

Lugha yetu ya bajeti imetuponza. Tunagawa matumizi mafungu mawili na kuyaita “ya kawaida” na “ya maendeleo”. Ukuta ni maendeleo. Mwalimu anayesimama mbele ya ukuta huo ni kawaida. Bati ni maendeleo. Kuziba tundu la bati hilo miaka sita baadaye ni kawaida. Kwa majina hayo, ni mwanasiasa gani atasimama jukwaani ajivunie kuongeza ya kawaida? Kila Juni wachambuzi, nami nimo, tunakimbilia kuhesabu asilimia ya maendeleo. Mwaka 2022/23 bajeti ilikuwa Sh trilioni 41.48: trilioni 26.48 za kawaida na trilioni 15 za maendeleo, yaani asilimia 36.2. Tukapiga makofi au tukanuna kufuatana na asilimia hiyo, kana kwamba kila shilingi ikihama kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili nchi imepiga hatua.

Kuna jambo la pili kuhusu takwimu hiyo kubwa ya juu. Kiuchumi, fedha inayotoka serikalini ni ya aina tatu. Ipo inayonunua kitu au kazi: darasa, dawa, mshahara wa muuguzi. Ipo inayohamishwa tu mkononi mwa mtu, kama ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, ambayo itageuka manunuzi pale kaya itakaponunua unga. Na ipo ya kulipa riba. Ya kwanza peke yake ndiyo inayoingia moja kwa moja kwenye hesabu ya pato la taifa. Bajeti yetu inaongeza ya nne, marejesho ya mkopo wenyewe: katika ile ya 2022/23 ilipangwa kukopa ndani Sh trilioni 5.78, na trilioni 3.3 kati ya hizo zilikuwa za kulipia hatifungani na dhamana zilizoiva. Yaani mkopo mpya unalipa mkopo wa zamani, fedha inaingia mlango huu na kutokea ule, na bado inahesabiwa ndani ya bajeti “iliyoongezeka”. Hakuna aliyedanganya, vitabu vinaonyesha kila kitu. Ila ukisikia bajeti imekua kwa trilioni kadhaa, uliza kwanza ni kiasi gani kati ya hizo kinanunua kitu.

Sasa twende kwenye mkia. Wahenga walisema umekula ng'ombe mzima, usishindwe na mkia. Kwenye matumizi ya umma mkia huwa mzito kuliko ng'ombe.

Chukua mwalimu wa sekondari kwa mshahara wa Sh 700,000 kwa mwezi, kwa ajili ya hesabu tu. Kwa mwaka ni milioni 8.4. Mwajiri anachangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, asilimia 15 na bima ya afya asilimia 3, jumla inafika karibu milioni 9.9, bila likizo, uhamisho wala kupanda daraja. Mkondo mmoja wa kidato una vipindi 8 kwa siku, 40 kwa wiki. Mwalimu akibeba vipindi 24, ambavyo si haba ukihesabu maandalizi na usahihishaji, mkondo unahitaji mwalimu mmoja na theluthi mbili. Hiyo ni Sh milioni 16.5 kila mwaka. Ongeza ruzuku ya uendeshaji inayofika shuleni, Sh 12,500 kwa mwanafunzi wa sekondari, wakiwa 50 ni Sh 625,000 nyingine.

Darasa la milioni 20 basi linataka zaidi ya milioni 17 kila mwaka ili liwe darasa badala ya banda zuri. Zidisha kwa madarasa 12,000 ya sekondari: ujenzi uligharimu Sh bilioni 240 mara moja, walimu wake wangegharimu karibu Sh bilioni 198 kila mwaka. Mwaka na robo haujaisha, mkia umeshampita ng'ombe.

Utasema: mengi ya madarasa yale yalijengwa kupunguza mrundikano, si kupokea wanafunzi wapya. Kweli, lakini ratiba ya shule haihesabu vichwa, inahesabu mikondo. Kidato cha wanafunzi 90 waliobanana chumba kimoja kina vipindi 40 kwa wiki. Kigawe vyumba viwili, vinakuwa 80. Panapookoka ni pale tu ambapo mkondo ulikuwepo tayari, ukisomea maabara au chini ya mwembe. Kwingine, chumba kipya bila mwalimu mpya kina maana moja: walimu wale wale wanapandishiwa vipindi, au chumba kinakaa bila kazi sehemu ya siku. Mwaka 2022 zilitangazwa ajira za walimu 9,800, msingi na sekondari kwa pamoja. Linganisha mwenyewe na vyumba 15,000.

Kwa nini inatokea hivi kwa watu wanaojua hesabu vizuri kuliko mimi? Kwa sababu darasa na mwalimu vinaamuliwa kwenye meza tofauti. Darasa linapitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na halmashauri. Mwalimu anahitaji ikama, yaani nafasi kwenye idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na ikama inahitaji kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi, na kibali kinasubiri ukomo wa mishahara kutoka Hazina. Halmashauri ikijaza mpango wake kwenye mfumo wa PlanRep inaweza kuandika madarasa kumi kwa fedha zake au za miradi, lakini haiwezi kujiajiria mwalimu hata mmoja wa kudumu kwa uamuzi wake. Kibali kikitoka, bado kuna tangazo, usaili, kupangiwa kituo, kuripoti na kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Chumba kinajengwa kwa wiki kumi na moja, mwalimu anachukua mwaka, na anayeanza safari yake baada ya chumba kukamilika atakuta kizazi cha kwanza kimeshafika kidato cha pili.

Kisha kuna namna fedha zinavyotoka. Wengi wanadhani Bunge likipitisha bajeti, fedha ipo. Bunge linapitisha ruhusa. Ibara ya 136 ya Katiba inazuia fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya sheria, ila haiahidi kwamba mfuko utakuwa na kitu. Tangu 1996 nchi imeendeshwa kwa bajeti taslimu: kinachogawiwa kinafuata kinachokusanywa. Mapato yakipungua, wa kwanza kulipwa anajulikana. Deni la Taifa limedhaminiwa na Mfuko Mkuu kwa ibara ya 141, halina mjadala. Mishahara nayo haiguswi. Mwaka ule wa 2022/23, deni lilitengewa trilioni 9.1 na mishahara trilioni 9.83: karibu shilingi 46 za kila 100 zina mwenyewe kabla mwaka haujaanza. Upungufu wote unaangukia waliobaki, na mnyonge kati yao ni matumizi mengineyo, ile OC ya maofisini, ambamo ndimo ilimo mafuta ya gari la mthibiti ubora wa shule, matengenezo ya paa, kemikali za maabara. Mkia uko hapo hapo panapokatwa kwanza.

Athari ya pili ya mtiririko huo ni Juni. Fedha iliyosubiriwa tangu Agosti inaingia Mei, na ambayo haijatumika ifikapo 30 Juni inafungwa isipoombewa kibali cha kuvuka mwaka. Ofisa masuuli, yule anayewajibika kwa fedha za taasisi, akiwa na wiki tano hafikirii tena nini kinahitajika zaidi, anafikiria nini kinaweza kununuliwa na kupokelewa kabla mfumo haujafungwa. Na yule aliyekwisha kupokea huduma kwa hati ya ununuzi akitegemea mgao usiofika amezalisha deni la mzabuni. Deni hilo ni mkopo usio na riba ambao Serikali imeuchukua kwa mwenye duka la vifaa vya ofisi bila kumwomba. Mwaka unaofuata mzabuni anaweka bei ya juu, akijilipa mapema kwa kucheleweshwa. Ukaguzi ukikuta bei hizo utaita ubadhirifu. Mara nyingine ni ubadhirifu kweli, mara nyingine ni bei ya kutolipa kwa wakati.

Upo mkia mmoja ambao haukatwi, na huo una hadithi ya ajabu kidogo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza 2002, ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa dola 10, ambayo kwa wakati ule ilikuwa takribani Sh 10,000. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kwa Waraka namba 5 wa 2015, ada na michango ya lazima vikaondolewa, fedha zikaanza kwenda moja kwa moja akaunti za shule, mwezi hadi mwezi, kwa uaminifu ambao haukuwahi kuwepo. Kiasi kikabaki Sh 10,000, na 4,000 kati yake ni ya vitabu. Shuleni inafika 6,000 kwa mwaka: Sh 500 kwa mtoto kwa mwezi. Dola ikiwa Sh 2,500, ile dola 10 ya MMEM imebaki 4. Hakuna waziri aliyepunguza ruzuku, hakuna mbunge aliyepiga kura ipungue. Imepunguzwa na kutoguswa. Shule ya watoto 800 inapata Sh 400,000 kwa mwezi, na humo yatoke chaki, karatasi za mitihani, umeme, kitasa na kioo kilichovunjika. Kinachokosekana kinarudi nyumbani kwa jina la mchango wa hiari, mara wa mlinzi, mara wa uji, mara wa “tathmini”. Matumizi ambayo Serikali haikuyafanya hayakufutika, yamehamia mfuko wa mzazi, na huko hakuna CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Nimemtaja CAG, na sitamkalia sana. Hesabu zinafungwa 30 Juni, ripoti inamfikia Rais mwishoni mwa Machi, mjadala kamili bungeni huwa Novemba, takribani miezi 17 baada ya fedha kutumika. Ukaguzi wa ufanisi upo na mara kwa mara umetaja upungufu wa walimu. Lakini kwa muda huo ofisa ameshahamishwa, na hoja anajibu aliyemrithi.

Wapo wanaotetea kwamba mkia hautabiriki. Kwenye elimu hoja hiyo haisimami. Mtoto hupanda darasa moja kwa mwaka. Walioanza darasa la kwanza Januari 2016, lile wimbi la kwanza la elimu bila malipo, walijulikana idadi tangu siku hiyo, na ilijulikana kwamba watamaliza la saba 2022 na kugonga mlango wa sekondari Januari 2023. Miaka saba ya taarifa. Bado yale madarasa 8,000 ya kuwapokea, kwa Sh bilioni 160, yalitolewa fedha miezi michache kabla, yakajengwa kwa mbio zile zile za 2021, zege lile lile.

Wimbi lijalo ni kubwa zaidi na limeshaandikwa kwenye mtaala. Elimu ya msingi inashuka kutoka miaka saba hadi sita. Mtaala mpya ulianza 2024, na darasa la tatu la mwaka huo litamaliza la sita 2027, mwaka ule ule ambao waliokuwa la nne watamaliza la saba. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja. Watapita sekondari kama mbuzi ndani ya chatu: kidato cha kwanza 2028, cha nne 2031, na nyuma yao mkupuo mmoja mmoja tena.

Hapo ndipo namna ya kusoma bajeti inapoleta tofauti ya fedha halisi. Anayeona maendeleo kuwa ni kuta atajenga chumba kwa kila mkondo, kwa bei ya 2027, na kuanzia 2032 sehemu ya vyumba hivyo itakuwa stoo. Mimi ningeyabana matumizi kwenye kuta na kuyaachia kwenye ikama. Chumba kinaweza kufanya zamu mbili kwa siku, kama shule nyingi za msingi za mijini zinavyofanya, ilimradi zamu ya jioni iishe mapema kwa ajili ya watoto wanaotembea mbali, na vijijini kabisa ijengwe kweli. Mwalimu hawezi kufanya zamu mbili. Kwa mkupuo wa ziada wa miaka minne, sehemu ya walimu inaweza kuajiriwa kwa mkataba wa muda huo, na waliobaki wakafidia wanaostaafu kati ya 2028 na 2032, ambao tarehe zao za kustaafu zipo kwenye mfumo wa utumishi hadi siku. Ili wawe darasani Januari 2028, kibali chao lazima kitolewe ndani ya bajeti ya 2026/27, na mishahara yao iwemo kwenye ukomo wa 2027/28. Mwongozo wa bajeti hiyo ukitoka, usianze na ukurasa wa miradi. Fungua jedwali la mishahara la Fungu 56, lile la TAMISEMI, na mafungu ya mikoa, uone kama kuna mtu amewahesabu.